Boga: mama anayesimamisha tena nyumba ya baba yake kwa mikono

BOGA, IRUMU. Nyumba yenyewe si kubwa. Ina vyumba vitatu, sebule na baraza. Kuta zake ni za matofali ya kuchoma, nene kuliko kuta zinazojengwa siku hizi, na madirisha ya mbele yamefungwa juu kwa tao la matofali. Marehemu baba mwenye nyumba aliijenga miaka michache baada ya uhuru, kwa udongo wa hapa hapa, na tanuru aliliwasha nyuma ya shamba lake la ndizi. Mwaka 2021 moto ulikula paa, milango na kila kilichokuwa ndani. Kuta zilibaki zimesimama.

Tangu kiangazi kilichopita, binti yake wa kwanza, mama wa watoto wanne, anaitengeneza tena. Anasaidiwa na mzee mmoja fundi masoni, vijana wawili wa jirani, na yeyote anayepita akiwa na saa moja ya kutoa. Jina lake halitajwi hapa kwa ajili ya usalama wake na wa watoto.

Swali analolijibu kwa mikono yake si lake peke yake. Familia nyingi zilizotoka Boga na Tchabi, ziwe Bunia, Gety au ng'ambo Uganda, zinajiuliza jambo hilo hilo kila jioni: kuta zilizobaki kule nyumbani zifanyiwe nini? Zibomolewe na matofali yauzwe? Zingoje hadi amani itimie? Au zianze kutengenezwa kidogo kidogo, hata kama mwenye nyumba hajui kama atalala humo mwaka ujao?

Kijiji kilichojifunza kuchoma matofali

Wazee wa Boga wanapenda kuhesabu miaka kuanzia 1896, mwaka ambao Apolo Kivebulaya alifika hapa akitoka upande wa Toro. Wakati huo mpaka wa Kongo na Uganda ulikuwa haujatulia, na huko Uingereza Malkia Victoria alikuwa bado yuko kwenye kiti. Nyumba za hapa zilikuwa za miti, matete na majani. Apolo alifariki mwaka 1933 na kaburi lake liko Boga mpaka leo. Mwaka 1972 Boga ikawa makao ya dayosisi ya Kianglikana. Kanisa, shule na hospitali vilihitaji kuta za kudumu, na kwa kuzijenga watu wa hapa walizoea ufundi wa kufyatua tofali, kupanga tanuru na kusimamisha ukuta. Familia zilizopata uwezo zikafanya vivyo hivyo kwenye viwanja vyao. Ndiyo maana hata leo, kwenye majani marefu, mtu hukutana na kona ya nyumba ya matofali ambayo haitaki kuanguka.

Yaliyotokea mwaka 2021 yanajulikana na kila msikilizaji. Hali ya dharura ya kijeshi ilitangazwa Ituri na Kivu Kaskazini mwanzoni mwa mwezi wa tano. Usiku wa kuamkia tarehe 31 ya mwezi huo huo, Boga na Tchabi zilishambuliwa na zaidi ya watu 50 wakauawa. Siku chache baadaye, mwezi wa sita, hospitali kuu ya Boga iliporwa na kuchomwa. Waliobaki hai walibeba watoto na walichoweza kubeba. Nyumba haibebwi kichwani.

Neno la mdogo wake

Ndugu wanne wa nyumba hii hawakukubaliana. Mdogo wake anayeishi Bunia, ambaye mpaka leo anamwita yaya, alikuwa na shauri lingine, na lilikuwa shauri la mtu anayefikiri. Matofali ya zamani yana bei. Ukuta mmoja ungelipa karo ya watoto. Kuta zote zingesaidia kununua sehemu ya kiwanja pembeni ya Bunia, mahali ambapo familia inalipa kodi kila mwezi kwa chumba kimoja. Vita vimerudi mara ngapi? Bati jipya linang'aa kutoka mbali, na mwizi haulizi limenunuliwa kwa jasho gani. Kujenga mara ya pili mahali palipochomwa mara ya kwanza, alisema, ni kumpa moto chakula.

Yaya hakumwambia kwamba amekosa. Alimweleza alichokiona aliporudi. Hatua chache kutoka kwao kuna kiwanja ambacho kuta zake zilibomolewa na matofali yakauzwa. Msimu mmoja wa mvua ulitosha kufunika msingi kwa majani. Msimu wa pili mtu mmoja alipanda muhogo akidhani ni pori. Sasa familia mbili zinaitana mbele ya shefu, kila moja na mashahidi wake, na hakuna anayeweza kuonyesha mlango ulikuwa wapi.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 inasema udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali, na raia anapata haki ya kuutumia. Mjini haki hiyo huandikwa kwenye cheti. Vijijini watu wengi hawana cheti. Wana neno la shefu, ushahidi wa majirani na alama zinazoonekana kwa macho: mwembe, kaburi la babu, mstari wa maua ya mpaka, msingi wa nyumba. Karatasi chache zilizokuwepo ziliungua sandukuni. Majirani waliojua mipaka, wengine wamekufa na wengine wamehama. Ukuta uliosimama ni shahidi ambaye hajahama.

Kwa mtoto wa kike jambo hili ni zito zaidi. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 inawaweka watoto wote wa marehemu, wa kiume na wa kike, katika kundi la kwanza la warithi, bila kubagua. Lakini kijijini bado kuna wanaosema binti aliyeolewa hana neno kwenye kiwanja cha baba yake. Mama huyu hakubishana nao. Alikwenda kwa shefu wa kijiji na majirani wa pande zote nne, wakapima kiwanja kwa kamba, wakachora nyumba kwenye karatasi, wakaandika majina ya ndugu wote wanne, wakatia saini. Nakala moja iko Boga, moja Bunia, na picha yake iko kwenye simu ya kila ndugu. Karatasi hiyo si cheti. Lakini siku mtu atakapouliza, hawataanza na mikono mitupu.

Kabla ya kushika jembe

Kazi haikuanza kwa tofali. Ilianza kwa kungoja. Nyumba iliyochomwa vitani inaweza kuficha kwenye majivu au majani kitu kinacholipuka, na chuma kidogo kinachofanana na kopo kinaweza kuua mtoto. Alizuia watoto wasikaribie, akatoa habari kwa wakuu wa mahali, na hakugusa kifusi mpaka palipokaguliwa. Kila anayerudi kwenye nyumba iliyoungua afanye hivyo. Ukikiona chuma usichokijua usikiokote, usikipige teke, usikitupe mtoni. Weka alama mbali nacho, kisha uite wenye kazi hiyo.

Baada ya hapo fundi alizunguka nyumba siku nzima bila kushika mwiko. Alikuwa anatafuta maji. Kwa maneno yake, moto ulichukua siku moja, lakini maji yamefanya kazi kila mwaka tangu paa liondoke. Mvua ilikuwa inaingia juu ya ukuta, inashuka katikati ya matofali na kuusomba udongo unaoyashikanisha. Chini nako udongo wa uwanja ulikuwa umepanda. Kwa miaka mingi ya kufagia, kumwaga majivu na kushushiwa tope kutoka mteremkoni, ardhi ilikuwa imefika shubiri moja juu ya mahali ilipokuwa wakati wa marehemu. Maji yalikuwa yanasimama pale pale, na mistari miwili ya chini ya matofali ilianza kumomonyoka kama mkate mkavu.

Kwa hiyo wiki ya kwanza yote ilikuwa ya jembe na koleo. Walishusha udongo kuzunguka nyumba mpaka mawe ya msingi yakaonekana tena, wakachimba mfereji upande wa mlima ili maji yapite pembeni badala ya kugonga ukuta. Vichwa vya kuta vilifunikwa kwa vipande vya mabati ya zamani vilivyokandamizwa kwa mawe. Kazi hiyo haikugharimu fedha, ila migongo. Wapita njia walishangaa kuona mtu anayesema anajenga, naye anachimba tu. Waswahili wana methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi huyu angeongeza kwamba hata ufa usizibe kabla ya kujua ni maji gani yaliyoufungua.

Ukuta upi unapona

Timazi lake ni uzi na jiwe. Aliuninginiza kwenye kila kona na kupima kwa vidole nafasi kati ya uzi na ukuta, juu na chini. Ukuta wa mbele ulikuwa umesimama wima. Wa upande wa magharibi ulikuwa umeinama kidogo, akasema utaishi. Wa nyuma, mahali palipokuwa na mlango wa kwenda jikoni, ulikuwa na jeraha. Juu ya mlango huo baba alikuwa ameweka boriti ya mti badala ya tao. Boriti iliungua, na matofali yaliyokaa juu yake yakashuka, yakaacha shimo lenye umbo la pembetatu. Madirisha ya mbele yenye tao hayakutikisika, kwa sababu tao linabebwa na matofali yenyewe, na tofali limekwisha kupita kwenye tanuru lenye moto mkali kuliko ule wa nyumba.

Tofali likitoka kifusini linapimwa kwa sikio. Unashika mawili, unayagonganisha. Likilia kama chuma, ni zima. Likitoa sauti ya kibuyu kilichopasuka, lina ufa ndani au halikuiva, na kazi yake ni kujaza njia. Watoto wa nyumba waliipenda kazi hiyo, na kwa siku kadhaa uwanja wote ulikuwa unalia. Matofali mazima yalipangwa pembeni, yakakwanguliwa udongo wa zamani kwa panga butu.

Hapo fundi aliwaonyesha vijana jambo ambalo wengi walikuwa wanalidharau. Nyumba hii ilijengwa kwa udongo, siyo kwa simenti, na watu huona hiyo ni alama ya umaskini wa zamani. Lakini kwa sababu ni udongo, karibu kila tofali lililoanguka lilikwanguliwa likatoka zima. Kwenye kibanda kimoja cha jirani, kilichojengwa miaka ya karibuni kwa simenti nyingi, matofali yalishikana mpaka kuyatenganisha ni kuyavunja. Yule mzee alijenga nyumba ambayo watoto wake wangeweza kuifungua na kuifunga tena.

Bado matofali yalipungua. Ya sokoni ni madogo, hayalingani na ya zamani, na ukuta uliochanganywa hovyo hupasuka kwenye mstari wa kukutana. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kumwomba seremala forma mpya, kubwa kuliko tofali linalotakiwa kwa karibu sehemu moja katika kumi, kwa sababu udongo hujikunyata ukikauka na kuungua. Lakini tanuru la matofali machache hula kuni nyingi bure. Ya pili ilikuwa kubomoa jiko la zamani lililosimama peke yake nyuma ya nyumba, lililojengwa kwa forma ile ile. Mama alikaa na shauri hilo siku mbili. Ndilo jiko ambalo mama yake mzazi alipikia maisha yake yote. Siku ya tatu alishika nyundo mwenyewe. Matofali ya jiko sasa yako kwenye ukuta wa nyuma, juu ya mlango, na safari hii yamepangwa kwa tao.

Udongo, chokaa na simenti

Udongo wa kujengea ulitoka kwenye kichuguu. Fundi aliupima kwa chupa: udongo kidogo, maji, tikisa kwa nguvu, uache utulie. Mchanga hushuka kwanza, halafu vumbi laini, na mfinyanzi hukaa juu. Mfinyanzi ukizidi, ukuta utapasuka ukikauka, basi huongezwa mchanga. Mchanga ukizidi hautashika. Mchanganyiko ulikanyagwa kwa miguu, ukafunikwa, ukalala siku tatu kabla ya kutumika. Mistari ya chini iliyooza ilibadilishwa kwa subira: tofali moja linatoka, zima linaingia, kisha fundi anaruka hatua mbili kabla ya kugusa lingine, ili ukuta usikose miguu.

Wengi walimshauri mama apige plasta ya simenti nje, nyumba ipendeze. Simenti si adui. Inatoka Kasese, ng'ambo ya mpaka, na ni ghali, lakini ina mahali pake: hapa imetumika kwenye vizingiti vya madirisha na ngazi ya baraza, mahali panapopigwa na maji kila siku. Kosa ni kuvalisha ukuta wa udongo koti la simenti. Ukuta wa udongo hupumua. Unyevu huingia na kutoka. Simenti ngumu juu yake hupasuka, maji yanapita kwenye ufa, yanakosa pa kutokea, na ukuta unaoza ndani huku nje unapendeza. Kwa hiyo nyumba hii imepigwa plasta ya udongo, mchanga na mavi ya ng'ombe, na itapakwa tena kila baada ya misimu michache.

Hekima hiyo si ya Boga tu. Uingereza kuna nyumba nyingi za matofali zilizojengwa enzi za Malkia Victoria, kati ya 1837 na 1901, kwa chokaa, na wanaozitengeneza leo hukuta kazi kubwa ni kuondoa simenti iliyopakwa na waliowatangulia. Zanzibar, kwenye Mji Mkongwe, kuna jengo la Zahanati ya Zamani. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887, mwaka wa jubilei ya miaka 50 ya Malkia huyo, kwa mali ya mfanyabiashara Tharia Topan, ambaye alifariki kabla halijakamilika mwaka 1894. Liliachwa likachakaa, mpaka miaka ya 1990 shirika la utamaduni la Aga Khan lilipolirudishia uzuri wake. Jirani yake, Beit el-Ajaib la mwaka 1883, jumba la Sultani, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 mwezi wa 12 mwaka 2020 na kuua watu wawili. Jumba la Sultani na nyumba ya mkulima wa Boga zina ugonjwa mmoja: maji yanayoingia bila mtu kuyaona, na matengenezo yanayoahirishwa.

Paa la vyumba viwili

Fedha ya paa ilitoka kwenye likirimba ya akina mama. Zamu yake ilipofika alinunua mabati kabla fedha haijaliwa na mengine. Dukani aliuliza namba. Bati la BG 28 ni zito kuliko la BG 32, ingawa namba yake ni ndogo, na mtu asiyejua hununua jepesi akidhani amepata kubwa. Mabati yaliyoungua aliyaacha yafunike kuni: moto ukila rangi yake ya juu, kutu haichelewi. Misumari iliyotoka kwenye majivu nayo hainyooshwi kwa ajili ya paa, maana imelainika. Miti ya mikalatusi ilikatwa mapema, ikakauka kivulini, ikapakwa mafuta machafu ya motokari kuzuia mchwa. Paa limefungwa kwa waya ulioingizwa ndani ya ukuta mistari kadhaa chini ya kichwa, ili upepo ukija uubebe ukuta wote kwanza, jambo ambalo hauwezi.

Fedha ilitosha vyumba viwili. Watu wa jirani walikuja siku ya Jumamosi kama salongo ya zamani, wengine kwa chakula tu, wengine kwa deni la siku waliyosaidiwa. Mmoja wa vijana wale wawili, aliyekuwa anabeba maji tu mwanzoni, sasa anaitwa na nyumba nyingine mbili kupanga matofali. Binti wa pili wa mama, mwenye miaka kumi na mitatu, ndiye anayeshika uzi wa timazi, na fundi hakubali ukuta upande mpaka yeye aseme uko sawa.

Hakuna katika haya kinachomwambia mtu aliye Bunia afunge mizigo leo. Kurudi ni shauri la kila familia, kwa kusikiliza habari za njia na za usalama, na aliyepoteza watu wake hapa ana haki ya kuogopa kuta hizi. Mama mwenyewe hajalala kwenye nyumba hiyo kila usiku. Zikija habari mbaya, watoto wanalala kwingine, na begi la nguo na vitabu vya shule liko tayari karibu na mlango. Lakini kati ya kurudi na kuuza kuna kazi nyingi ambazo mtu anaweza kuzifanya, au kumwomba jirani amfanyie: kuelekeza maji mbali na msingi, kufunika vichwa vya kuta, kukata majani, kupanga matofali mazima chini ya kivuli, kupiga picha, kuandika mpaka na kusainisha mashahidi wakiwa hai.

Mdogo wake alikuja kutoka Bunia mara moja, kwa pikipiki, siku mbili. Hakusema amebadili shauri. Alizunguka nyumba, akapitisha mkono kwenye tao jipya la mlango wa nyuma, akauliza matofali yale yalitoka wapi. Alipoambiwa ni jiko la mama alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akavua shati akasaidia kukanyaga udongo mpaka giza.

Chumba cha tatu hakijaezekwa. Katika ugawaji wa ndugu ndicho chake, na yaya hakutaka kukifunga bila neno lake. Amekifanyia yale ambayo hayamlazimishi mtu: sakafu imesafishwa, mfereji unapita, na juu ya kuta zake kuna mabati ya zamani yaliyowekewa mawe. Mvua za mwezi wa tatu zitapita bila kuingia ndani ya tofali. Ukuta ukiwa mkavu unaweza kungoja mwaka, hata miaka, na mwenye chumba ataamua wakati wake, ukuta ukiwa bado upo.